Jumla imepanda, wanaume wamepungua: nimekosea kunakili?

SWALI: Naandaa ripoti ya chuo kuhusu vifo vya kujiua nchini Japani baada ya korona. Jumla ya mwaka 2020 imepanda, lakini wanaume wamepungua. Mwaka 2024 jumla imeshuka, wanafunzi wakaongezeka. Naomba unisaidie, mtaalamu, nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote. Shika kalamu tuhesabu. Kwa takwimu za polisi, wanaume walikuwa 14,078 mwaka 2019 na 14,055 mwaka 2020, pungufu ya 23. Wanawake walitoka 6,091 hadi 7,026, ziada ya 935. Toa 23 kwenye 935, unapata 912, na ndiyo tofauti kati ya 20,169 na 21,081. Ongezeko la jumla la asilimia 4.5, basi, linaficha ongezeko la asilimia 15 kwa wanawake. Ila usije ukaandika kwamba wanawake ndio wanaojiua zaidi. Wanaume bado walikuwa mara mbili yao.

Sababu si moja, na mimi huwaogopa wanaotaja moja. Wanawake wengi wa huko wana ajira za muda katika hoteli, migahawa na maduka, sehemu zilizofungwa mwanzo. Angalia pia miezi: janga lilipoanza vifo vilipungua, vikapanda kuanzia Julai. Ukitumia jumla ya mwaka peke yake, hilo bonde hulioni. Wanaume nao zamu yao ilikuja baadaye: 14,746 mwaka 2022, ongezeko la kwanza baada ya miaka 13.

Wanafunzi, kuanzia shule ya msingi hadi sekondari, walikuwa 399 mwaka 2019, wakafika 499 mwaka uliofuata, na 529 mwaka 2024. Hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko zote tangu 1980 hadi wakati huo, katika mwaka ambao jumla ya taifa, 20,320, ilikuwa ya pili kwa udogo tangu 1978 hadi wakati huo. Watoto Japani wanazidi kupungua, kwa hiyo weka kiwango kwa kila watu 100,000 wa rika hilo. Idadi ghafi inapunguza uzito wa tatizo.

Na chagua chanzo kimoja. Polisi huhesabu hata wageni. Takwimu za vifo za Wizara ya Afya huhesabu Wajapani tu. Ukichanganya safu moja ya huku na nyingine ya kule, hata hesabu yetu ya 23 na 935 haitafunga.