Mkuu, hiyo mbolea ya kuku usiimwage kwenye matuta

Simamisha hiyo kazi kwanza. Unasema uko Bunju, Dar es Salaam, udongo ni kichanga, kipupwe kimeingia, Jumamosi unaletewa viroba vya mbolea kutoka banda la kuku wa mayai, Jumapili unapanda chainizi na nyanya. Usipande!

Aliyeniuzia mimi alisema hayo hayo unayoambiwa: "Mbichi ndiyo yenye nguvu, mwaga, mwagilia, panda." Nguvu ipo kweli, ya kuunguza. Hazikupita siku nyingi chainizi zikaanza kukauka kingo za majani, rangi ya ugoro. Nikang'oa mche mmoja: mizizi kahawia, ile midogo myeupe ya kunywea maji haipo tena. Tuta baada ya tuta likaenda. Nampigia simu, ananiambia nimepunja maji! Mtu anakuuzia kinyesi kilichotoka bandani jana, kiroba bado cha moto, halafu lawama anakutupia wewe. Nikimkumbuka damu inachemka hadi leo.

Kinyesi kibichi cha kuku kina amonia na chumvi nyingi. Wakati wa masika mvua kubwa huzishusha chini. Kipupwe mvua ni chache, upepo wa kusi unakausha tuta, na kichanga hakishiki maji, kwa hiyo zinakolea palepale kwenye mizizi. Kama kisima chako nacho kina maji ya chumvi, ndiyo umezidisha.

Iache ioze, basi. Lundika kivulini, changanya na majani makavu, nyunyizia maji mpaka ukikamua konzi moja mkono ulowe bila kuchuruzika, funika turubai. Geuza kila wiki. Chomeka fito katikati, uichomoe uishike: ikiwa ya moto, bado. Ikiwa ya baridi, angalia kwanza lundo lisiwe limekauka tu, maana likikauka linapoa bila kuiva. Weka miezi 2 hivi. Harufu ya kuchoma macho ikiisha, changanya kidogo na udongo kwenye kopo, sia mchicha. Ukiota na kusimama vizuri, peleka kwenye matuta.

Nyanya na dawa za wadudu uliuliza pia, wengine watakujibu. Kwa sasa, kama unataka mboga mapema, chomeka marando ya matembele kwenye matuta hayo bila hiyo mbolea, au tafuta samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu, nyeusi, inayomeguka mkononi kama udongo. Na huyo wa Jumamosi mpigie leo, mwambie viroba avishushe mbali na matuta.