Kabla uchague mada ya masta au PhD, uliza nini kinamaliza ubishi kwenye fani yako

Kila mara usajili wa vyuo ukikaribia naulizwa na watu wanaotaka kuanza masta au PhD hapa Nairobi, na karibu wote swali ni lile lile, itachukua muda gani na pesa ngapi. Mimi kazi yangu ni takwimu, nilisomea kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa hiyo kazi nimekaa meza moja na watu wa kila aina, madaktari wa Hospitali ya Kenyatta wanaofanya MMed, yaani masta ya udaktari bingwa, watu wa wadudu, wanauchumi, na wale wa hisabati tupu ambao hata data hawana. Hilo swali halina jibu moja. Utafiti wa hawa watu haufanani, na tofauti yenyewe si kwamba huu ni mgumu na ule ni rahisi, tofauti ni kile kitu ambacho kikiwekwa mezani wenye fani wanakubali na ubishi unaisha. Kijue hicho kwanza, halafu mambo ya muda na pesa utayapigia hesabu vizuri.

Anza na hisabati. Mwaka wa 1769 Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa, alidai kwamba ukitaka kujumlisha namba za kipeo cha tano, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe, tano zikiwa kwenye hesabu, upate namba nyingine ya kipeo cha tano, lazima ujumlishe angalau tano. Dai hilo lilikaa karibu miaka 200. Mwaka wa 1966 Lander na Parkin wakatafuta kwa kompyuta wakapata nne tu, 27, 84, 110 na 133, kila moja kwa kipeo cha tano, na jumla yake ni 144 kwa kipeo cha tano. Makala waliyochapisha ilikuwa sentensi mbili, basi, Euler akawa amekosea na hakuna aliyeweza kubisha. Kwa hivyo ukiona mwenzako wa hisabati ana tasnifu nyembamba usimdharau, huyo anaweza kukwama kwenye hatua moja ya uthibitisho miezi na miezi na hakuna msaidizi wa utafiti anaweza kumtuma uwanjani amletee jibu. Faida yake ni kwamba hangoji barua ya kamati ya maadili, ile inayokagua utafiti unaohusu watu.

Sasa njoo hospitali. Kwa miaka mingi watoto walioletwa na homa kali na mzunguko wa damu umelegea walikuwa wanapewa dripu nyingi kwa haraka, na daktari akiona mtoto amechangamka anaamini inasaidia. Halafu mwaka wa 2011 yakatoka matokeo ya jaribio la FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, na ikaonekana ndani ya saa 48 waliopewa dripu ya haraka walikufa kama 10.6 kwa mia, ambao hawakupewa 7.3 kwa mia. Mimi kila nikisoma hizo namba nanyamaza kidogo, ni watoto hao. Na ndo maana kwenye udaktari kile ulichokiona wodini kwa macho yako hakitoshi, lazima kuwe na kundi la kulinganisha na lazima watu wawe wa kutosha.

Registra wa MMed, yaani daktari anayesomea ubingwa, hawezi kufanya jaribio kama hilo, ana wodi, ana zamu za usiku, ana mitihani. Na hapa ndo naona watu wazuri wakiumia. Anakuja ameshaandika proposali na sampuli ni 384, ukimuuliza imetoka wapi anasema kila mtu anatumia. Hiyo 384 ina maana yake, inatoka kwa fomula ya kukadiria asilimia moja kwenye umma mkubwa, ukikubali kukosea kwa pointi tano huku na huku na uwe na uhakika wa 95 kwa mia. Kama swali lako ni kulinganisha dawa mbili, au ugonjwa wenyewe ni nadra na wodi inapata wagonjwa wachache kwa mwezi, hiyo namba haikuhusu kabisa. Tafadhali muone mtu wa takwimu KABLA ya kukusanya data. Akikuona baadaye atakachoweza ni kukwambia kwa nini data yako haijibu swali lako.

Watu wa biolojia wao wanaongozwa na msimu na maabara. Kemikali zikichelewa unangoja, stima ikipotea na freza haina jenereta unaweza kupoteza sampuli zote. Lakini pia wana bahati moja, asili huwajibu hata swali ambalo hawakuuliza. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho makao yake yako Duduville Kasarani, walipanda desmodium, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kule Mbita wakitaka kufukuza viwavi wanaotoboa mabua, wakagundua na lile gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo, linapungua. Wakafuatilia sababu hadi kwenye mizizi ya desmodium. Ukiwa fani hii daftari lako liandike hata yale hukutarajia.

Uchumi una shida yake. Wenye M-Pesa wana maisha mazuri zaidi, sawa, lakini ni M-Pesa iliyowainua au ni wale wenye nafuu ndo walijisajili mapema? Wanauchumi Suri na Jack mwaka wa 2016 walitumia jinsi mawakala walivyosambaa, watu waliosogezewa wakala karibu wakilinganishwa na wengine, na wakakadiria kwamba nyumba 194,000 hivi, yaani kama 2 kwa mia ya nyumba za Kenya, zilitoka kwenye umaskini. Hapo data ilikuwepo, kazi kubwa ilikuwa kutafuta ulinganisho ambao mpinzani hawezi kuubomoa. Kwa hivyo mwanauchumi anayekaa miezi na laptopu bila kwenda uwanjani hazembei.

Kama bado hujachagua, fanya hivi. Ingia kwenye hifadhi ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iko wazi mtandaoni, fungua tasnifu tatu za idara unayoitaka na uende moja kwa moja kwa sura ya mbinu, angalia alitegemea nani, wagonjwa, mvua, mashine, data ya serikali, ama kichwa chake tu. Halafu mwulize supavaiza mtarajiwa wanafunzi wake huwa wanakwama wapi. Na kama utahoji watu, barua ya maadili itangulie ndo uombe kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, hizo wiki ziweke kwenye ratiba mapema kabla hujamwahidi mtu yeyote tarehe ya kumaliza.