Simba Yaua, Mwenyekiti Afungia Mbuzi

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Morogoro: "Kaka, shikamoo. Nami nataka kuandika vichekesho vya vichwa vya habari vya zamani kama wewe. Naanzia wapi?" Niliusoma mara tatu. Mara ya nne nilimsomea mke wangu. Akasema, "Kwa hiyo sasa una wanafunzi?" halafu akaniomba gazeti la kuwashia jiko.

Namjibu hapa hapa, maana najua hayuko peke yake. Ninyi nyote mnaopita hapa mna daftari mmelificha mahali.

Mimi nilianzia kwenye karanga. Nilikuwa kituo cha daladala Tandika, nimenunua za mia mbili, na karatasi iliyofungiwa ilikuwa na herufi nene: YAFA KIUME. Juu ya hapo pamechanika. Njia nzima nikawa nawaza. Kama timu imekufa kweli, nani kaitwa kuosha? Turubai limefungwa Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba? Nani anaandika rambirambi kwenye daftari, na yule mjomba asiyekosekana msibani keshauliza wali unaiva saa ngapi? Nilipitishwa kituo changu nikiwa nacheka peke yangu, na dada niliyekaa naye akahamia siti ya nyuma.

Nikaandika vinne, nikampelekea mhariri mmoja. Akasoma aya mbili akasema, "Hiki ni kijiwe, ndugu yangu, siyo gazeti." Simtaji jina. Ila mwaka jana kichekesho changu cha "Patachimbika" kilizunguka WhatsApp mpaka kikanirudia kupitia kundi la kamati ya harusi. Yeye naye yumo kwenye kundi hilo, na aliweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Vitatu. Picha ya skrini ninayo.

Kile cha Patachimbika kilikuwa rahisi tu. Kila Simba na Yanga wakikaribia kukutana, magazeti yetu huandika kwamba uwanjani patachimbika. Nikalichukua neno kama lilivyo. Mzee mmoja anakuja getini na chepe na sururu, anauliza vibarua wanalipwa kwa siku au kwa mita. Watu wa maji wanaleta ramani ya mabomba. Mtunza nyasi analia. Refa anapuliza filimbi, hakuna anayechimba, na mzee anadai nauli ya kurudi Mbagala. Basi. Sikuongeza neno, kichwa cha habari kilishafanya kazi yote.

Hilo ndilo la kwanza, kijana wangu: lichukue neno kama lilivyo.

Sasa nikubali aibu yangu. Nilipolewa sifa nikaandika kingine kuhusu "Simba yaua". Mwenyekiti wa kijiji anasoma kichwa, anafungia mbuzi ndani ya nyumba, mkewe anahamia kwa mama yake, askari wa wanyamapori wanapiga kambi shuleni. Nilikiona kitamu. Mwalimu mstaafu akaniandikia mstari mmoja: "Mnyama aua. Klabu ndiyo yaua. Mwenyekiti wako hakusoma?" Niliumia. Nilizima simu mpaka jioni, nikamjibu vibaya kichwani tu. Lakini alikuwa sahihi, tena alinipa kichekesho kizuri kuliko changu: kati ya mpira na msiba kuna herufi moja tu, na mwenyekiti hakuvaa miwani. Nikaandika upya, miwani imesahaulika kwa fundi baiskeli. Hakikuzunguka kama kile cha mwanzo, ila ndicho ninachokipenda.

Kwa hiyo, kama nilivyosema, neno kama lilivyo, mpaka herufi yake ya kwanza.

Vipo vichwa vinavyokuja vimeshapikwa. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitangaza kwamba Dewey kamshinda Truman kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani. Wapiga chapa walikuwa wamegoma, gazeti likapelekwa mitamboni mapema kabla kura hazijaeleweka, na Truman, aliyeshinda, akapigwa picha St. Louis akiliinua gazeti hilo meno yote nje. Wanaoanza hukimbilia kumwingiza Dewey Ikulu. Hapana. Shuka chini. Mimi nilimweka fundi cherehani wa New York (ni wangu, usimtafute kwenye historia) aliyesoma kichwa tu kwenye meza ya magazeti bila kununua, kama tunavyofanya sisi, akakata kitambaa cha gauni la mke wa rais mpya. Kitambaa kimekatwa. Kipimo ni cha mke wa Dewey. Mke wa Truman hakimtoshi. Hapo ndipo pa kukaa.

Yanga nayo kwa lugha ya magazeti imeshakufa mara ngapi? Ilifungwa na Simba 6-0 mwaka 1977, na 5-0 mwaka 2012. Halafu Novemba 2023 marehemu akamfunga muuaji 5-1. Mfikirie karani wa RITA anayeombwa kubatilisha cheti cha kifo, na mjane ameshaolewa.

Na jamani, andikeni mwaka ndani ya kila kichekesho. Patachimbika kilikatwa kichwa na miguu, shangazi yangu akanipigia kuuliza kama mechi imeahirishwa. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, inayogusa hadi habari za uongo, na askari hatakuuliza kama ulikuwa unatania. Vijana wa siku hizi mnataka kusambaa kabla ya kusoma. Someni! Kaeni na gazeti la zamani mpaka wino ukuchafue vidole, mkisoma hadi matangazo ya mbuzi waliopotea. Mimi yangu nimeyahamishia juu ya kabati, jiko lisiyafikie.

Ile karatasi ya karanga bado ninayo, na sijawahi kutafuta nani alikufa kiume. Kijana wa Morogoro, anza na hiyo, unitumie. Ila ukiandika "hahaha" mwishoni, sisomi.