Maji yako chini: kutembea kwa mguu Newala, Ndanda, Rutamba na Masasi

Aliyezoea milima ya Uluguru au Usambara akija kusini hukosea jambo moja, na hulikosea kabla hajafunga hata kamba za viatu. Kule mtu hulala bondeni, akapanda asubuhi mwili ukiwa na nguvu, jioni akateremka amechoka lakini njia inamsaidia. Newala mji uko juu, kwenye uwanda wa Makonde. Unatoka gesti, muda si mrefu uko ukingoni pa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma limetandazwa mbele yako kuelekea Msumbiji, na njia inaanza kwa kuteremka. Saa mbili za kwanza ni raha tupu. Deni lake unalilipa saa sita mchana, jua la utosi, ukiwa na mamia ya mita za kupanda na chupa zimeshakuwa nyepesi.

Kibaya zaidi, ukifika juu huko usitegemee kijito. Uwanda wa Makonde umefunikwa na udongo wa kichanga unaomeza mvua yote. Maji yanazama moja kwa moja mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, ndipo yanatokeza chini, kwenye miguu ya mteremko. Ndiyo maana akina mama wa vijiji vya juu kwa miaka mingi walishuka na ndoo alfajiri na kupanda nazo zimejaa, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kwa mashine kutoka bonde la Mitema. Ndanda nayo, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1906, iko chini kabisa ya mteremko, mahali penye chemchemi. Ukilishika hilo, nusu ya mipango ya safari imekwisha.

Kwa hiyo kwa anayeanza, Ndanda ni bora kuliko Newala. Unapanda asubuhi na ubaridi, unarudi mchana ukishuka kuelekea maji. Newala mwachie aliyekwisha kujipima.

Ukiamua Newala, hesabu ni hii. Lita nne na nusu kwa kila mtu, yaani chupa tatu za lita moja na nusu. Ya kwanza ni ya kushuka na kuzunguka bondeni. Mbili ni za kupanda, na moja kati ya hizo mbili usishuke nayo: iache katikati ya mteremko, imefungwa kwenye mfuko, imening'inizwa kwenye tawi pembeni ya njia mahali utakapopakumbuka. Chini usiiweke, siafu na mchwa wana tabia zao. Faida ya kuiacha ni mbili: hubebi kilo moja na nusu bure, na hupati kishawishi cha kuigusa mapema. Makosa tunayoyaona kila mara ni ya mtu anayefika bondeni na joto lake, anagida lita nzima kwa mkupuo, anasikia tumbo zito, halafu anaanza kupanda na chupa moja mkononi.

Kupanda, kunywa nusu lita kwa saa, kidogokidogo, na chumvi iwemo. Pakiti moja ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji inatosha. Ukikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage uchanganye upya. Mwenzako akianza kulalamika kichwa, akachanganya maneno, au ngozi ikawa ya moto na hajielewi, msimamishe hapohapo kivulini, mloweshe nguo, mpepee. Kumhimiza "jikaze, tumekaribia" ndiko kunakoua.

Muda: kuwa njiani saa 12 asubuhi, na popote utakapokuwa saa 3 na nusu, geuka. Hata kama mto unaonekana pale. Juni na Julai giza linaingia mapema, na njia za mteremko zina mizizi na mawe yanayobiringika ambayo kwa tochi ya simu huyaoni vizuri.

Umbali usiulize kwa kilomita. Jibu litakuwa "hapo tu". Muulize mwenyeji anatumia muda gani kwa mguu akiwa amebeba mzigo, kisha uzidishe kwa moja na nusu, maana yeye njia hiyo anaipita tangu utoto. Kwenye mchanga mweupe wa juu, kilomita tatu kwa saa ni mwendo wa heshima. Mchanga huo unaingia kwenye viatu na kusaga kisigino: vaa soksi ndefu, raba yenye soli ya meno badala ya buti zito, na kila saa moja vua ukung'ute. Lengelenge linaanza kama joto dogo sehemu moja ya mguu. Bandika plasta wakati huohuo, ukisubiri litoke umechelewa.

Msimu wa kutembea ni Juni hadi Oktoba. Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine zikigusa Mei, na udongo mwekundu wa mabondeni ukilowa unakamata soli mpaka mguu unakuwa kama mchi. Lakini kiangazi nacho kina mambo yake ambayo vitabu vya watalii haviyataji.

La kwanza ni salfa. Kuanzia Juni wakulima wanapulizia mikorosho, kwa kawaida alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Ndiyo saa yako ya kutembea. Ukisikia mashine ikinguruma shambani, angalia upepo unakoelekea na uzunguke. Vumbi lile linachoma macho na kukaba kifua, na mwenye pumu asijaribu kulipita hata kwa kitambaa puani. Msimu wa mavuno ukifika, bibo kula tu, ila korosho mbichi usiipasue kwa meno. Mafuta ya ganda lake yanababua midomo.

La pili ni upupu. Maganda yake yakikauka, manyoya yanapeperuka kwa kuguswa tu. Yakikupata, usijikune wala usifikiche kwa maji, utayasambaza. Paka majivu au tope laini, liache likauke, libandue pamoja na manyoya. Selotepu nayo inafanya kazi nzuri ajabu. Nguo ulizovaa zifunge kwenye mfuko peke yake. Suruali ndefu na mikono mirefu ndiyo kinga, joto lisikudanganye ukavaa kaptula.

La tatu ni mashimo ya ming'oko. Wachimbaji wanakifuata kiazi chini kwa kina, wakikipata wanaondoka, shimo linabaki na majani yanaliziba. Ukitoka nje ya njia vichakani, tanguliza fimbo. Ming'oko yenyewe ikichemshwa na chumvi ni chakula kizuri cha njiani, inashibisha na haivundi haraka kama wali.

Rutamba, mkoani Lindi, ni safari ya aina nyingine kabisa. Hapa kuna msitu wa hifadhi wa Litipo, na maziwa yake mawili, Rutamba na Tandangongoro. Mteremko si wa kutisha, kivuli kipo, na hatari inahama kutoka kwenye jua kwenda kwenye maji. Uwe na kanuni moja ukingoni: ziwa lolote lichukulie kuwa lina mamba, na hata wavuvi wakikuambia halina, chota kwa chombo chenye kamba ukiwa umesimama mbali kidogo. Kuingia kuoga ni kutafuta kichocho, ugonjwa uliozoeleka ukanda huu wote wa pwani. Vimelea vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache tu.

Ukiona njia pana isiyo na majani inayotoka majini, iangalie kwa karibu kabla hujaifurahia. Njia ya watu ina mfereji mmoja. Ya kiboko ina miwili sambamba, na katikati kuna tuta la nyasi, kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia imeachana. Usipige hema hapo, na usiwe juu yake kuanzia magharibi mpaka jua litoke: yuko malishoni, na ukisimama kati yake na maji umemfungia mlango.

Maji ya kunywa ya huku chuja kwa kitambaa safi kisha chemsha mpaka yatokote. Wanaotumia vidonge wasome pakiti, kwani vingine kimoja ni cha lita 20, na kukitumbukiza kizima kwenye chupa ya lita moja ni kunywa klorini.

Masasi ni miamba. Mtandi na wenzake wamesimama peke yao juu ya tambarare, na chini ya Mtandi ndipo mwaka 1876 wamisionari Waanglikana wa UMCA walipowaweka watumwa walioachiwa huru. Mwamba mkavu unashika soli vizuri. Ule wenye umande au michirizi myeusi unateleza kama sahani yenye mafuta. Kabla ya kupanda kipande chochote jiulize kama utaweza kukiteremka, maana kushuka ndiko kugumu. Nyufa zina nyuki. Usitupe mawe, usipige kelele, usijipake manukato. Wakikuvamia, funika uso kwa shati na uende, wala usisimame kupiga mikono hewani, ila angalia unapokanyaga, kwani ukingo unaua haraka kuliko nyuki. Miiba yao ikwangue kwa ukucha mara moja.

Nyoka wa kuogopa njiani ni kifutu, kwa kuwa hakimbii. Analala palepale akidhani humwoni. Akiuma, usichanje, usifunge kamba, vua pete na viatu, funga mguu kwenye kijiti usitikisike, mgonjwa abebwe. Pigeni simu kwanza kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, zahanati nyingi hazina. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi robo saa nzima.

Vibali havina ugumu mkiviwahi. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, ukiwemo wa Rondo mkoani Lindi, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na malipo hupita kwenye namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi. Kijijini ripoti kwa mtendaji au mwenyekiti, saini kitabu, uliza habari za tembo wa wiki hiyo. Upande wa Ruvuma kitambulisho kisikose mfukoni. Mpaka ni mpaka. Mwongoza njia mpatane bei kabla, mbele ya mwenyekiti, na mkubaliane kabisa nani anabeba chakula chake.

Na ukilala Rutamba au Rondo, usiku funika tochi kwa kitambaa chekundu na ukae kimya ukingoni mwa msitu. Komba mdogo wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, na mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Utamsikia kabla ya kumwona. Ukiona macho mawili yaking'aa kichakani, shusha tochi kidogo, umulike pembeni yake. Ukimulika moja kwa moja anageuza kichwa na hutamwona tena.