Wifi, kiwanja cha Ihumwa usiuze kwanza

Wifi umeniuliza uuze kile kiwanja cha Ihumwa uje huku Uingereza na watoto, mkifika mkae kwangu mpaka mambo yatulie. Ngoja nikwambie kitu ambacho hata kaka nilimficha.

2022 mwenye nyumba hapa London alinipa notisi ya miezi miwili. Kosa sina, kodi nalipa, yeye anataka tu kuuza nyumba yake na sheria ya wakati ule ilimruhusu. Kila nyumba niliyoulizia, kodi inakaribia kumaliza mshahara wangu wote wa kea, hii kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Nikaenda kaunsili, yaani halmashauri ya huku, na mabegi na watoto wawili, wakatupeleka hoteli, na najua ukisikia hoteli unaona raha, kumbe ni chumba kimoja, kitanda kimoja na kagodoro chini, choo cha kushea na watu tusiowajua, jiko hakuna, ni birika la umeme tu. Sheria yao inasema familia yenye watoto isikae hoteli za hivyo zaidi ya wiki 6. Sisi tulikaa miezi mitano.

Mdogo alikuwa na miaka sita, kukojoa kitandani alishaacha siku nyingi, akaanza upya, basi usiku nafua shuka kwenye sinki taratibu dada yake asisikie akamcheka. Huyo mdogo akicheka kwa nguvu jirani anagonga ukuta, mpaka akazoea kuongea kwa kunong'ona, hata tulipohama alikuwa ananong'ona. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Shule mabasi mawili, mkubwa anasinzia darasani mwalimu ananiita mimi.

Na siyo wageni tu, 2024 watoto zaidi ya 150,000 England walikuwa kwenye makazi ya muda, wazungu wengi tu humo. Tembe la bibi kule Mvumi lilikuwa linavuja ila hakuna aliyetuambia tutoke.

Mimi karatasi za kuishi huku ninazo. Wewe viza ya kazi au ya masomo inakukataza msaada wa nyumba wa serikali, kaunsili usiitegemee. Na kwangu mkataba unasema watu watatu, tukizidi natolewa tena na wanangu.

Ukitaka kuja njoo peke yako kwanza, nitakupokea kama mgeni tu wiki mbili tatu ukitafuta chumba, watoto wabaki na mama hapo Chang'ombe. Hati ya kiwanja iko kwa nani sasa hivi? Kama ni kwa dalali kaichukue kesho.