Barua kwa mwanangu: yale matoleo ya zamani

Binti yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Bibi yako hajambo, ila goti lake tu. Umeniuliza hivi: kwa kuwa Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za Tanzania zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, limeanza kutumika tangu tarehe 1 Julai 2025, na mkuu wako wa maktaba anataka nafasi kwenye rafu za sheria, myaondoe matoleo ya 2002 na 2019 au myaache?

Nitafika huko. Kwanza nami nikuulize: mwanafunzi akishika kitabu chochote kati ya hivyo, atajuaje kinasema sheria ya lini? Tangu unasoma chuo cha ukutubi hapa Bagamoyo nilikuwa nakwambia mpaka ukachoka: tarehe kwanza, jina la sheria baadaye.

Habari ya lile shauri la kuigiza, lile la wanafunzi wa sheria kujifunza kutetea kesi, unaijua. Mtoto wa watu alikuja mezani akaomba Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi. Akapewa Sura ya 216, ndiyo namba ya sheria hiyo, toleo la 2019, jalada safi, kurasa zote zimo. Akasimama mbele ya majaji akajenga hoja nzuri kwamba baraza la kata linaweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi shilingi milioni tatu. Kumbe marekebisho ya 2021 yalikwisha kuliondolea baraza la kata mamlaka hayo. Siku hizi kata inasuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Kitabu hakikusema uongo, kilisema kweli ya 2019. Aliyekosea ni mkutubi aliyekitoa bila kikaratasi cha onyo, na mkutubi huyo ni mimi. Mpaka leo naiona mikono ya yule kijana ikipekua kurasa, akitafuta kifungu ambacho kwenye kitabu chake kipo na kwenye sheria hakipo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila Ijumaa Gazeti la Serikali likitoka, usipitie majina ya sheria mpya peke yake. Marekebisho mengi hujificha ndani ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambayo jina lake halikwambii kitu. Ifungue uone kila sehemu inagusa Sura ipi. Halafu tazama tarehe ya kuanza kutumika. Sheria inaweza kupitishwa na kutiwa saini, ikakaa ikisubiri tangazo la Waziri, na wanaojikwaa hapo ni wengi kuliko unavyodhani. Ukishapata hayo mawili, andika kikaratasi: Sura, toleo, kifungu kilichoguswa, namba na mwaka wa sheria iliyokigusa, tarehe ya kuanza, na tarehe uliyokagua. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo inayomwambia msomaji akuamini mpaka siku gani.

Kikaratasi kibandike kwa gundi ya unga, upana wa milimita tano tu kwenye ukingo wa ndani. Selotepu usiiguse. Kwa joto la pwani gundi yake huyeyuka, hugeuka njano na kuondoka na maandishi. Na ukiandika kitabuni, andika kwa penseli.

Sasa matoleo yenyewe. Ningesema ondoa, maana kitabu kilichopitwa ni mtego, na nimekueleza ulimnasa nani. Lakini mkataba wa 2015 unapimwa kwa sheria ya 2015, na Katiba, ibara ya 13(6)(c), hairuhusu mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Wakili wa kesi ya namna hiyo atakwenda wapi? Tena toleo la 2023 limebadilisha namba za vifungu vingi. Hukumu ya 2012 ikitaja kifungu fulani, mwanafunzi aliye na toleo jipya peke yake atasoma kifungu kingine kabisa asijue. TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ina hukumu kwa wingi, lakini intaneti ikikatika wiki ya mitihani, ni rafu tu inayobaki. Basi yaache? Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechukua kilicho karibu na mkono, naye je?

Mkuu wako ana haki ya kutaka nafasi. Sitaki kukuamulia jambo la meza yako, ingawa unajua ulimi unaniwasha. Ukinibana sana nitasema seti moja ya kila toleo, nyuma ya kaunta, itolewe kwa kuombwa tu, na kila kitabu kiwe na kikaratasi chake mbele. Lakini sijaiona hiyo kaunta. Nipimie uniandikie: nyuma yake kuna mita ngapi za rafu, na ukuta ule unapata unyevu masika?

Baba yako