Raba za kukimbilia: maswali yenu, majibu yetu

Raba za mtumba pale Owino ni nafuu. Nitajuaje kama bado zina uhai? – Msomaji, Kampala

Usianze na soli ya chini. Hiyo husuguliwa ikang'aa. Kinachochoka kwanza ni sponji iliyo juu yake. Ibonyeze pembeni kwa kidole gumba: nzima hubonyea kidogo, ikarudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa mikunjo ya mlalo, iache. Kisha weka jozi mezani uitazame kwa nyuma. Kiatu kilicholalia upande mmoja kimeshika mwendo wa aliyekivaa kwanza, na goti lako ndilo litakalolipa. Kikunje pia: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati. Mwisho vuta ncha ya soli, maana gundi ya miaka mingi huachia hata kama kiatu hakijakimbiwa sana. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba huijui imeshakula ngapi, basi usiilipie bei kubwa.

Nikikimbia miteremko ya Kapchorwa, kucha za vidole gumba vya miguu zinakuwa nyeusi. – Kijana wa Sebei

Mguu unateleza mbele na kugonga ncha ya kiatu. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uvae soksi zako za mbio. Ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili) ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kama urefu unatosha, tatizo ni kamba. Tumia tundu la mwisho la juu, karibu na kifundo cha mguu: kila upande tengeneza kitanzi, pitisha kamba ya upande wa pili ndani yake, kaza, ndipo ufunge. Kisigino kitatulia. Kucha nazo zikatwe.

Nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki. Ninunue raba zenye bamba la kaboni (kipande kigumu ndani ya soli)? – Kaka wa Jinja

Hapana. Ni za mashindano, sponji yake huchakaa mapema, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawe zinayumba. Hata rekodi ya dunia ya mita 10,000 ya Mganda Joshua Cheptegei, dakika 26:11.00 kule Valencia mwaka 2020, aliikimbia kwa spaiki, yaani viatu vya uwanjani vyenye misumari chini.

Mwanangu anakimbia mita 1500 shuleni. Spaiki zimfae mazoezi yote? – Mama, Mbale

Mama, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, siku za kasi tu. Kisigino cha spaiki ni kifupi, hivyo misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino huvutwa sana. Chagua zenye misumari inayofunguliwa: milimita 6 kwa uwanja wa riadha wenye sakafu ya raba, 9 hadi 12 kwa nyasi zenye tope. Usimnunulie kubwa "akue nazo". Atajikwaa na kupata malengelenge.

Zimelowa mvua, nizianike juani? – Msomaji, Masaka

Kivulini. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa. Jiko liwe mbali: joto huachisha gundi.